Shule ni Mapumziko

Baba yangu alilima mpunga karibu na Mlandizi, na kwake shule ilikuwa jina jingine la uvivu. Nikirudi likizo kutoka sekondari kule Kibaha, hakuniuliza nimekuwa wa ngapi. Alinishika kiganja, akakipapasa, akasema, "Laini. Mnakaa tu huko." Kisha akacheka. Mimi nilinuna, maana hasira nimezirithi kwake yeye mwenyewe.

Kiingereza tulifundishwa na mwalimu wa kutoka bara, aliyesomea upadri akaishia njiani. Upadri ulimtoka, Kilatini kikabaki. Kila neno la Kiingereza alilimenya kama muhogo mpaka aone Kilatini kilichomo ndani. Minister, waziri, kwa Kilatini ni mtumishi. Siku hiyo alichungulia dirishani kwanza. Muscle, msuli, ni panya mdogo. Darasa zima tulikunja mikono kuwatazama panya wetu. Nilimpenda sana mwalimu yule.

Likizo moja nilikuta mpunga umechanua na baba yuko peke yake. Kaka alikuwa jeshini, na mama kiuno kilikuwa kinamsumbua. Hakukuwa na mtu wa kuamia ndege wasile mpunga.

"Muhula huu usirudi, mwanangu," baba alisema. "Ndege watatumaliza."

Msichana akikosa muhula mzima, nafasi yake ilikuwa imekwenda, na nilijua hivyo.

Jioni, tukila, nikaona nimlainishe kwa yule panya wa msuli. Alifurahi. Akakunja mkono wake mkavu, panya akaruka juu, akamwonyesha mama.

"Na shule je?" akauliza. "Nayo ina maana?"

Ningeweza kudanganya. Lakini kujua kitu na kukinyamazia sijawahi kuweza. Nikamwambia kwamba neno letu shule limetoka kwa Wajerumani, na Waingereza wanalo la kwao, yote mawili ni ya Kilatini, na Walatini nao walilichukua kwa Wagiriki.

"Na kwa hao Wagiriki ni nini?"

"Mapumziko, baba."

Mama aliacha kutafuna. Baba alijipiga paja. "Si nilisema? Nilisema mimi! Wenyewe wamekiri!" Akatoka hadi uani, akamwita jirani amweleze. Nilimsikia akicheka huko nje, nami machozi yakanidondokea kwenye ugali. Nilimlaani mwalimu, Wagiriki na Walatini wote.

Siku ya kufungua shule niliamka alfajiri, nikachukua kombeo, nikaelekea shambani. Baba alikuwa amesimama mlangoni, sanduku langu la bati liko miguuni pake.

"Wapi?"

"Kuamia ndege."

Akaninyang'anya lile kombeo. "Mimi tangu nimeota meno sijapumzika. Mama yako hajapumzika. Bibi yako alikufa na jembe mkononi. Nyumba nzima hii akose kupatikana hata mmoja?"

Akajitwika sanduku, akatangulia kuelekea barabarani, nami nyuma yake nikilia bila kuficha. Basi lilipokuja alilipandisha sanduku mwenyewe, kisha akanishika kiganja, akakipapasa kama kawaida yake.

"Nenda kapumzike, mwanangu," akasema. "Na langu fungu unipumzikie."

Muhula ule nilipumzika mpaka macho yakaniuma.