Maji ya Kuoshea Vioo vya Mdachi

Jioni ile ukingoni mwa tambarare ya Newala tulikuwa sita: Mdachi mpiga picha, mpishi wake kutoka Lindi, bibi mmoja mjane jirani yetu, wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike, na mimi. Kilikuwa kiangazi cha baada ya vita vya Maji Maji. Baba alikufa vitani, mama akamfuata kwa homa wakati wa njaa, nami nikaacha shule ya misheni kule Masasi nirudi kulea wadogo zangu.

Mdachi alitaka picha ya nchi tu, bila watu. Chini yetu bonde la Ruvuma lilikuwa kavu, vichaka vimeungua, mashamba hayajalimwa tangu vita. Yeye aliliita jangwa. Alingoja jua lishuke mpaka vivuli vikawa virefu, kisha akajifunika kitambaa cheusi nyuma ya sanduku lake la kupigia picha.

"Anapiga nini?" bibi aliuliza.

"Nchi, bibi."

"Watu tupo, tena wazuri, na ndonya yangu ya mdomoni nimeiosha. Yeye anataka vumbi?"

Mpishi akacheka. "Vumbi halimwombi chumvi, bibi."

Kazi yangu ilikuwa maji. Newala maji yako chini ya mteremko. Mwanamke huondoka na mtungi majogoo wakiwika, akarudi jua la utosi. Picha zilikuwa kwenye vioo, na kila kioo kikitoka kwenye dawa kilitakiwa kuoshwa mara sita, na kila mara maji yamwagwe, yatiwe mengine. Ujira wangu ulikuwa kibaba cha mtama kwa siku, na gunia zima mwisho wa safari, vioo vikiwa vizuri. Gunia hilo lingetufikisha mavuno. Nyumbani tulikuwa na mbaazi za siku nne.

Alfajiri mpishi alinikabidhi beseni na vioo vitatu. Nilimwaga mara mbili. Mara ya tatu mkono ulikataa. Maji yalikuwa safi, chini ya beseni kunaonekana. Kwetu maji ya kunawa huosha vyungu, na ya vyungu hupewa kuku. Nikaosha kwa maji yaleyale mpaka mara sita zikatimia.

Vioo vilipokauka vilikuwa na madoa meupe kama majivu. Mdachi hakupiga kelele. Alisema na mpishi, mpishi akanigeukia.

"Atapiga tena leo jioni. Vikiharibika tena atatafuta mtu mwingine, na gunia hakuna. Dada, ulifanya nini?"

"Niliweka akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya maji."

"Nyinyi watu wa Newala, hata machozi mnakinga."

Akiba ile wadogo zangu walikuwa wamekwisha kuinywa, nikashuka bondeni papo hapo. Wanawake walikuwa wengi na chemchemi inatoa tope. Nilirudi jioni na nusu mtungi, maji rangi ya udongo. Bibi alikuwa mlangoni kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hayo ndiyo ya kuoshea vioo?"

"Ndiyo yaliyopatikana."

Goti la bibi lilikuwa bovu, hakuweza kushuka. Mjukuu wake alimletea mtungi mmoja kila siku ya nne, na siku hiyo ndipo alipouleta. Kulipopambazuka nilimkuta bibi kando ya beseni, mdogo wangu wa kiume amembebea mtungi wake, umejaa.

"Leo mwaga," alisema.

"Utakunywa nini?"

"Hayo yako ya tope, yakishatuama. Mwaga, usinitazame."

Nikamwaga mara sita. Bibi alihesabu kwa Kimakonde, polepole, na mara ya sita akageuza uso. Ardhi ilikunywa yote.

Vioo vilitoka safi. Mdachi alinionyesha kimoja kwenye mwanga: nchi yetu imegeuka, anga jeusi, vivuli vyeupe.

Nilimpelekea bibi vibaba viwili vya mtama. Akavisukuma.

"Nilikukopesha mtama mimi? Utaleta maji."

Nilikusudia kushuka kesho yake. Lakini Mdachi alitaka na majabali ya Masasi kwa mwanga wa jioni, na gunia lingetolewa huko. Nikaenda, na wadogo zangu wakiwa nyuma yangu. Tuliporudi na gunia, nyumba ya bibi ilikuwa imefungwa. Binti yake alikuwa amemhamishia kando ya Ruvuma. Mtama ule tuliula mpaka mavuno, sote watatu.

Baada ya mavuno nilishuka kumtafuta, mtungi wa maji kichwani. Nilimkuta ameketi hatua chache kutoka mtoni. Aliutazama mtungi, akacheka mpaka ndonya ikatikisika.

"Mjukuu wangu, hayo kamwagie maboga. Deni lako liko kule juu. Nikirudi utanilipa."

Hakurudi. Nimezeekea juu ya tambarare hii, na mtungi ule sijaulipa.