Ujia wa Kwenda Chooni

Msiniambie habari za watu kustaafu wakapumzika. Sanobar alistaafu kazi ya kufuma hariri pale mjini kwetu Marghilani, vidole vimeshakufa ganzi, na tangu siku hiyo hakupumzika hata kidogo. Alikuwa anapigana na vyombo vyake mwenyewe, na vyombo ndivyo vilivyokuwa vinashinda.

Chanzo chake ni mumewe. Ergash alikuwa mpishi wa pilau la arusi, na hapa mjini sijui arusi ambayo haikula sufuria yake. Akapooza upande mmoja. Halafu majira ya baridi akateleza kwenye barafu ya uani akienda chooni, akalala pale chini mpaka alipookotwa. Ndipo nyumba kubwa wakamwachia kitindamimba wao, Davron, kama ilivyo desturi, wao wakahamia vyumba viwili ng'ambo ya barabara, ghorofa ya chini, choo ndani. Choo ndani, jamani! Sanobar hakutaka kingine duniani. Alitaka mumewe ainuke kitandani, ashike kile kiegemeo chake cha chuma cha miguu minne, apite ujiani, aingie chooni peke yake.

Lakini ujia wenyewe ulipitika basi? Umida, mke wa Davron, alikwisha kuleta kila kitu kwa mkokoteni, akakipanga pale pale ujiani.

"Mama, hivi ni vyako," alisema huku anajifuta jasho.

"Na mimi niviweke wapi, mwanangu? Kichwani?"

"Utajua mwenyewe, mama. Mimi kabati langu limekaa kwa wazazi wangu miaka, hapa halina pa kuingia. Ila nakuomba, usivirudishe."

Sanobar alitazama. Kulikuwa na sanduku la arusi yake, na juu yake kurpacha zimepandana mpaka darini, vile vigodoro vya pamba tunavyowatandikia wageni. Kulikuwa na mabakuli na mabirika. Na kulikuwa na vitambaa vya gauni, hivyo sasa ndivyo vilivyozidi. Mwanamke wa kwetu akienda arusini hupewa kitambaa, akienda kwenye tohara hupewa kitambaa, akienda kumwona mzazi hupewa kitambaa. Hakuna anayekishona. Unakiweka umpe mwenzako, naye anakiweka ampe mwenzake.

Kwa hiyo kiegemeo hakikupita, na Ergash akawa anajisaidia kwenye ndoo nyuma ya pazia, mwanamume aliyekuwa akiwaamrisha vijana ishirini jikoni.

"Mama Davron," alimwambia mkewe, macho ukutani. "Mtu asijue. Hata Davron."

"Nani amwambie? Nimekuwa mwendawazimu mimi?"

Basi Sanobar akaanza kugawa. Kutupa haiwezekani. Utupe kurpacha mbele ya macho ya mtaa, watu waseme Davron kawafukuza wazazi wake? Alibeba mabakuli manne akampelekea jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Inobat.

"Yangu mengi, ndugu yangu. Chukua, utanipunguzia mzigo."

"Wee! Mazuri hivi? Mungu akuzidishie!"

Na kweli alizidishiwa. Jioni Inobat alirudi na bakuli lake jingine limejaa sambusa za tanuri, limefunikwa kitambaa kipya cha gauni, maana kwetu mkono uliokupa haurudishwi mtupu. Sanobar akampa mwalimu wa nyumba ya pili mabirika, zikaja zabibu kavu ndani ya mtungi wa udongo. Akampa mke wa kinyozi kitambaa chekundu, kikaja cha kijani. Siku moja aliletewa kitambaa chenye doa la chai pembeni, akalitambua lile doa: alilitia mwenyewe, zamani, kabla hajakitoa zawadi. Kimezunguka mji mzima kimerudi kwao!

"Toba!" alisema, akakitupa sakafuni. "Natwanga maji kwenye kinu."

Kurpacha ndizo hazikupata hata wa kuzigusa. "Siku ukifikwa na msiba, watu watakaa wapi?" Inobat alimuuliza. "Usinitie dhambini, dada."

Asubuhi ya baridi ya kwanza ndoo ilipinduka. Ergash alitaka kuishika kwa mkono wake mbovu, ikamponyoka, suruali ikalowa, na zulia likalowa. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kofia yake kichwani, machozi yanamtoka. Sanobar alimbadilisha, akafua, akapiga deki, na alipotoka na ndoo akajigonga goti kwenye lile sanduku. Hapo hasira zikampanda mpaka utosini.

Alifungua sanduku. Kitambaa kizima hurudi kikiwa kizima, alijiambia, basi tuone kipande kitarudi vipi. Akakamata mkasi, akatia alama, akachana. Hariri, pamba, maua, mistari, chaa! chaa! vipande vya ukubwa wa leso, na ilikuwa raha ambayo hakuwahi kuipata miaka mingi. Akajaza kikapu, akatoka barabarani, akawa anampa kila mwanamke anayepita.

"Shika, ndugu yangu. Pangusia vumbi. Mshonee mtoto mto."

Wanawake walipokea kwa mikono miwili. Wengine walikibusu kile kipande, wakakigusisha kwenye paji la uso. Mmoja aligeuza uso akafuta machozi. Sanobar aliona, na kichwa chake hakikumwambia chochote. Hasira hasara, wala wahenga hawakukosea. Maana kila mtoto wa Marghilani anajua vipande vya kitambaa hugawiwa lini: mzee aliyeishi vizuri akiisha kuzikwa, watu huchaniwa nguo, kila mtu apate baraka ya umri wa marehemu. Sanobar mwenyewe alikwisha kupokea vipande hivyo kwenye misiba isiyohesabika. Siku hiyo akasahau!

Kabla ya adhuhuri mlango uligongwa. Inobat alikuwa mbele, kajifunga ukanda wa msiba kiunoni, na nyuma yake mtaa mzima. Na hawakuja mikono mitupu. Kila mmoja kabeba kurpacha za kukalia waombolezaji.

"Maskini Ergash!" Inobat alimkumbatia kwa kilio. "Mbona hukutuita, dada? Unagawa peke yako kama huna watu?"

"Ergash kafanyaje? Inobat, subiri. Msiingie! Msi..."

Nani anamsikiliza mfiwa? Wote wanajua mfiwa husema lolote. Walisukumana ndani, wakarundika kurpacha zao juu ya kurpacha zake, masufuria ya kupikia msibani juu ya sanduku, mpaka mlango wa choo ukafunikwa wote. Wanaume huko nje walikwisha kuulizana jeneza li wapi.

"Tokeni!" Sanobar alipiga kelele. "Ondoeni! Hajafa! Yu hai!"

"Ndiyo, dada, kwetu yu hai siku zote," Inobat alimbembeleza. "Kaa, unywe maji."

Hilo ndilo lililommaliza.

"Hajafa, nasema! Anataka kwenda chooni! Mnasikia? Anajisaidia kwenye ndoo humo chumbani kama kitoto, leo kajimwagia mwilini, kwa sababu ya hizi takataka zenu! Hawezi kupita! Mume wangu hawezi kupita!"

Wanawake hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wanatazama nyuma yake. Ergash alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, kashikilia kiegemeo chake, katoka kuona kelele za nini.

Alijigeuza polepole, mguu mmoja unaburuta, akarudi ndani.

Inobat ndiye aliyeanza. Alijitwisha kurpacha, zake na za Sanobar, hakuchagua, akatoka kainamisha kichwa. Wengine wakafuata. Davron alikuja mbio kutoka ng'ambo, akasikia barabarani yale ambayo hakutakiwa kuyasikia, akabeba sanduku na wanaume wawili wala hakumtazama mama yake usoni. Mabakuli yalikwenda, na mabirika, na vitambaa. Safari hii hakuna kilichorudi. Hata sambusa moja haikurudi.

Jioni ujia ulikuwa mweupe, ukuta hadi ukuta. Sanobar aliosha sakafu, akaikausha asije mtu akateleza, akaenda mlangoni mwa chumba.

"Baba Davron. Njia ipo."

Ergash aliinuka. Kiegemeo kiligonga sakafu, kikapumzika, kikagonga tena, na hakikugusa popote. Sanobar alimfuata nyuma, mikono kaitanguliza.

"Nikushike?"

"Mwite Inobat," alisema bila kugeuka. "Awaite na wenzake. Waje waone kama naweza."

Akaingia, akafunga mlango, akatia komeo. Sanobar alikaa chini pale pale ujiani, akalia kwa sauti, wala hakujali nani anasikia ng'ambo ya ukuta.