Siku Tatu Melini Bila Mzaha

Hii stori inanionyesha mjinga mwanzo mpaka mwisho, najua. Lakini mke wangu akiisimulia yeye naonekana mjinga zaidi, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe.

Mimi ni Mzigua, mtu wa boda, nakaa Handeni. Shule niliishia la saba, mdomo ukaendelea na masomo peke yake. Mke wangu ni Msambaa wa Vugiri, huko juu kwenye baridi. Wakati mambo ya meli yanakuja, alikuwa amerudi kwao miezi minne, na kosa lilikuwa langu. Alikwenda kuwasalimia wazazi, mimi nikamwambia mwenzangu wa kijiweni ampigie simu: "Shemeji, mumeo kagongwa na lori, yuko Korogwe, wahi!" Akashuka mlima juu ya gari la kabichi, kandambili moja imebaki njiani, analia mpaka watu wanamshikilia. Akanikuta stendi nakunywa chai, nacheka. Ile chai sikuimaliza. Alinimwagia kifuani, akageuza, akapanda tena kwao. Mimi nikawa nauliza watu, utani kidogo tu, sasa kakasirikia nini?

Siku hizo nilikuwa nabeba mizigo ya Mhindi mmoja wa duka la vipuri pale Korogwe. Yeye na mkewe walikuwa wamelipia safari ya meli ndogo inayotoka Tanga, inazunguka visiwa siku tatu, watu wanalala humo humo. Mkewe akateleza bafuni, mguu ukavunjika.

"Hawa watu hawarudishi kitu," bosi akaniambia. "Chukua mkeo mwende nyie. Labda atakusamehe."

"Bosi, na akinisukuma baharini?"

"Basi nitatafuta boda mwingine."

Nikapanda Vugiri. Mke wangu alitoka uani na jembe mkononi, hata karibu hakuniambia. Nikaeleza habari ya meli. Bahari alikuwa hajawahi kuiona. Akafikiria, akasema, "Nitakuja. Ila siku tatu hizo sitaki mzaha hata mmoja. Ukiweza, narudi Handeni na wewe. Ukishindwa, tukishuka napanda gari ya huku, na talaka yangu utaileta mwenyewe."

Siku tatu. Mimi ambaye hata usingizini nawatania mbu.

Ile meli niliichukia kabla sijaikanyaga. Pale ngazini wanakuvua viatu wanavitia kwenye kapu, kama umekuja kuiba. Vyumba sita, kila chumba mtu na mwenzake, wote wanapendana kasoro sisi. Chumba chetu ukifungua mlango umeshagonga kitanda. Mke wangu akachukua begi lake akaliweka katikati ya kitanda.

"Huo mpaka," akasema.

Nilikuwa na mizaha kama saba hivi ya mpaka. Nikaimeza yote.

Halafu meli ikaanza kuyumba. Sisi Handeni maji tunayajua yakiwa ndani ya dumu. Haya yalikuwa hayana dumu. Nikatapika mpaka nikaona nyota mchana. Mke wangu amesimama pembeni, kitambaa hanipi, pole hanipi.

"Tapika kimya kimya," akasema. "Wenzako wanakula."

Na yule mhudumu wa nguo nyeupe akaniuliza mara mbili kama mimi ndiye fundi wa jenereta. Mara ya pili jibu lilishafika kwenye meno. Nikalirudisha ndani. Mke wangu akaona, akaangalia pembeni. Asubuhi nilipoamka, begi lilikuwa limesogea kidogo kuelekea miguuni. Sikuuliza nani kalisogeza. Nilihesabu: siku moja imekwisha, bado mbili.

Siku ya pili, mchana, tukakaa meza moja na mzee mmoja na mkewe. Mzee mrefu, mnene, kofia ya ukili kichwani. Akauliza sisi wa wapi, nikamwambia, Handeni. Akasema yeye wa Tabora, Mnyamwezi.

Jamani. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, toka enzi za babu zao kupita kwetu na mizigo kwenda pwani. Mtani wako unamwita mtumwa, unamvua kofia, unachukua chakula chake, mpaka msibani unamfanyia vituko, na haruhusiwi kukasirika. Akikasirika kavunja mila.

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. "Usithubutu," akaninong'oneza.

Nikathubutu. Nikachukua samaki mzima kwenye sahani ya mzee.

"We mtumwa, nani kakuruhusu kula kabla yangu? Babu zako walipita kwetu na mizigo kichwani, wanaomba maji ya kunywa!"

Mzee akanitazama, akafuta mikono taratibu.

"Maji?" akasema. "Handeni? Mliyatoa wapi?"

Watu wakacheka hadi mhudumu. Mimi nikacheka, nikala samaki. Mzee akanikonyeza: "Kula, mtani. Mimi zamu yangu inakuja."

Chumbani mke wangu alikuwa amesharudisha begi katikati.

"Umeshindwa," akasema.

"Sijashindwa! Ule siyo mzaha, ule ni utani. Utani ni mila, mke wangu. Ningenyamaza ningemdharau yule mzee."

"Na kunizulia kifo ilikuwa mila?"

"Ile nilikuwa nacheza tu."

"Mimi sikuwa nacheza. Gari ya Vugiri iko pale pale stendi. Mimi na wewe basi."

Jioni jua likiwa limepungua, wakatupeleka na boti ya mpira kwenye fungu la mchanga. Ni mchanga tu katikati ya bahari, unaonekana maji yakitoka, yakijaa haupo. Nilikuwa na hasira, nikaenda kukaa ncha ya mwisho, nimewapa watu mgongo. Wakaitwa kurudi, mimi nikajifanya sisikii, nikitaka mke wangu aje kuniita. Hakuja. Niligeuka niliposikia injini. Boti imeondoka na wote, na mke wangu ndani yake. Nikasema itarudi. Haikurudi. Ilisimama mbali, na mzee amesimama ndani yake anapunga kofia.

"We mtumwa! Kunywa maji, hayo bure!"

Nikacheka. Kweli kabisa nilicheka, nikarusha mkono. Halafu nikaona mchanga umekuwa mwembamba. Muda mfupi nyuma ulikuwa kama uwanja wa mpira, sasa kama mkeka. Maji yakafika kwenye vifundo. Yakafika magotini. Mimi kuogelea sijui, ningejifunzia wapi, kwenye ndoo? Nikapiga kelele, nikapunga shati. Boti imetulia pale pale. Maji yalipogusa mapaja nikaanza kutoa shahada, nikamwita mama yangu, nikamwita mke wangu, kamasi zinatoka. Sikuwa nawaza mila hata moja.

Boti ikaja. Mzee akaninyooshea mkono, anacheka na kitambi kinacheka. "Zamu yangu hiyo, mtani!"

Nikaruka ndani nikamkamata shati. Nikamtukana tusi la kweli, siyo la utani, mbele ya mkewe. Mwendesha boti akanishika. Mzee akaacha kucheka.

"Mbona unakasirika?" akaniuliza. "Kidogo tu."

Nikaliachia shati lake. Mke wangu alikuwa amekaa mbele ya boti, ananitazama bila kupepesa. Akanirushia kanga yake.

"Jifunike, unatetemeka," akasema, kwa sauti ya kumwambia mtu asiyemjua.

Siku ya tatu sikufungua mdomo mpaka tunashuka Tanga. Haikuwa kujizuia, mizaha haikuwepo. Kwenye ngazi mzee akanipa mkono, nikampa shikamoo, ambayo mtani huwa hapewi. Nadhani ilimuuma.

Tukapanda basi mpaka Korogwe, kila mtu na dirisha lake. Pale stendi kondakta wa gari ya Vugiri alishaanza kuita. Mimi mwenyewe nikachukua begi la mke wangu nikampelekea pale mlangoni, maana nilishindwa na nilijua.

"Ile simu ya ajali," nikamwambia. "Nisamehe. Nilikuwa sijui inavyokuwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo neno. Miezi minne, kila nikimpigia, nilikuwa namwambia tu jinsi watu walivyoucheka ule mzaha. Akanitazama, akachukua begi mkononi mwangu, akapita mbele ya gari ya Vugiri, akalitia kwenye gari ya Handeni. Akakaa dirishani. Nikakaa pembeni yake, naogopa hata kupumua asije akabadilisha mawazo.

Gari ilipotoka mjini ndio akaongea, anatazama nje.

"Yule mzee alitaka kugeuza boti maji yakiwa kwenye vifundo. Mimi ndiye nilimwambia, baba, bado."