Gurudumu Jembamba la Akiba

Kila asubuhi, kabla ya salamu, fundi wa magurudumu pale gerejini kwa baba alipitisha kidole gumba ndani ya tundu la katikati la kila rimu, polepole, kama anayepapasa jino linaloumwa. Wenye magari ya umeme walimfuata yeye. Magari hayo ni mazito na mengi hayana gurudumu la akiba, basi aliwatafutia lile jembamba linaloenea kwenye buti. Alihesabu matundu ya nati, akasoma uzito ulioandikwa ubavuni mwa tairi, kisha akalijaribu kwa kulifunga mguu wa nyuma wa gari na kulizungusha. Nyuma tu. “Mguu ni mguu,” aliwaambia, akichekea puani.

Jumatatu moja mwalimu mmoja, mteja wake, alilirudisha la kwake.

“Fundi, pancha ilikuwa ya mbele. Huko breki ni kubwa. Halikuingia.”

“Nyuma liliingia, mwalimu. Ulikuwepo.”

“Nilikuwepo. Siku ya pancha mama yangu naye alikuwepo, tunamkimbiza hospitali.”

“Hajambo sasa?”

“Tumemzika jana.”

Baba akasema pole. Fundi alipiga jeki gari la mwalimu, akafungua gurudumu la mbele, akajaribu kulivika lile jembamba. Likagoma. Akajaribu tena na tena, chuma kikilia juu ya chuma, mpaka mwalimu mwenyewe akamshika mkono: “Basi, ndugu yangu. Basi.”

Akarudisha gurudumu la gari, akakaza nati zote tano, akapita katikati yetu akatoka. Baba alidhani ameenda kunawa. Huu ni mwezi wa tatu hajarudi.