Glavu Iliyofukizwa Udi

Sisi tuliokulia mtaa wa Al Twar, huku kwa Waarabu, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu tulikuwa na utoto wa ajabu kidogo. Nje jua linapasua kichwa, ndani ya moli unavaa sweta. Binamu zangu kule Unguja walicheza rede na kuruka kamba. Mimi nilicheza hoki ya barafu, tena golini, na nikiwasimulia likizoni walicheka hadi wakakaa chini. Hata sasa ninapoandika haya nainuka kila baada ya mistari miwili, naenda dirishani, narudi.

Chanzo kilikuwa Baba. Yeye aliendesha lile gari la kusugua barafu kwenye uwanja wa moli, na watoto wa wafanyakazi waliruhusiwa kujifunza na klabu. Nilianza nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa mtoto asiyetulia, kama aliyemwagiwa upupu; chakula nakula nimesimama, chuoni ustadhi kanikalisha mbele ili anione vizuri. Mwalimu wa hoki akaona mtoto wa namna hii awekwe golini, labda atachoka. Sikuchoka. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, ilipokuja kwangu, mwili mzima ulinyamaza. Palikuwa mahali pekee duniani nilipotulia.

Mama hakupenda. Kwake yeye baridi ni kichomi, na kichomi ni kaburi. "Barafu ya kutilia sharubati, weye unaikanyaga," alikuwa akisema. Nikifika mlangoni ananiongezea: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Watu wengine husema hivyo kama methali. Mama alikuwa akiutazama mguu wenyewe.

Mwaka nilipotimiza kumi na tatu akatoa hukumu yake mbele ya Baba. "Msimu huu umalize, halafu khalas. Mtoto wa kike ushakuwa mkubwa, huwezi kugongana na watoto wa kiume." Baba akaitazama chai yake. Basi msimu ule niliucheza roho juu. Mechi zilizobaki nilizihesabu kwenye kalenda ya jikoni, na mwishoni zilikuwa za mtoano: ukifungwa unarudi nyumbani. Wenzangu wangerudi tena Septemba. Mimi nikirudi, nimerudi moja kwa moja.

Sasa, aliyewahi kukaa karibu na vifaa vya hoki anaijua harufu yake. Ni jasho lililolala na kuamka mara nyingi. Mama, Mzanzibari wa watu, hakuweza kuishi nayo. Kila Jumatano alivitandaza vyote juu ya tenga, akaweka chetezo chini, akavifukiza udi kama nguo za bibi harusi. Washambuliaji wa timu nyingine walinikaribia wakapiga chafya, na sitaficha kwamba mabao mawili matatu niliyazuia kwa njia hiyo. Watoto wa siku hizi begi likinuka wanaagiza jipya kwenye simu, kisha wanarudi kulala.

Jumatano ya kuelekea nusu fainali nilitoka shule nikakutana na harufu ya ngozi iliyoungua. Glavu yangu ya kudakia ilikuwa na tundu la kupitisha yai, katikati kabisa ya kiganja. Klabu haikuwa na nyingine ya saizi yangu. Mama alisimama pembeni na koleo la makaa mkononi.

"Umefanya makusudi," nikamwambia.

Kwetu mtoto hamwambii mama yake maneno hayo. Nilingoja kofi. Mama akaingia chumbani akafunga mlango. Nikabaki nazunguka sebuleni, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, mpaka Baba aliporudi akaniamuru nikae. Nikashindwa.

Alhamisi nilimkuta Mama amekaa chini na mkoba wake wa ngozi, ule wa kuendea harusini, ameukata ubavu. Alishona kiraka ndani na nje, sindano akiisukuma kwa kitako cha kijiko, na kidole kimoja kilikuwa kinatoka damu. Alipomaliza akanirushia.

"Vaa. Kunja mkono. Kinabana?"

"Hakibani."

"Haya."

Ijumaa akaja uwanjani, mara ya kwanza, buibui na blanketi la kitandani juu yake. Mlinzi wa mlangoni, Mkenya aliyenizoea, akamtafutia kiti. "Mama, kaa hapa, huku baridi si mingi. Na huyu msichana wako ni moto, utaona." Dakika ya mwisho tunaongoza kwa bao moja, paki ikaja juu, kushoto. Nikanyoosha mkono. Iligonga kiraka, kiraka kikashika, tukashinda. Ijumaa iliyofuata tulifungwa fainali manne kwa moja, na khalas ya Mama ikawa khalas kweli. Vifaa nikavirudisha klabu.

Mama sasa amerudi Unguja. Mimi nimebaki huku, nafanya kazi hotelini mtaa wa Al Barsha, na bado situlii. Lile neno nililomwambia sikulisahau miaka yote. Mwezi uliopita nikampigia simu, nikamwomba radhi kwa kumsingizia.



"Hukunisingizia," akasema. "Kaa la moto nililisogeza mwenyewe. Nilitaka ukae nami nyumbani. Halafu nikakusikia unavyozunguka sebuleni, nikaona haya."

Siku hizi mzazi akitaka mtoto aache jambo anabadilisha neno la siri la wifi, mtoto ananuna hadi chakula cha usiku, yameisha. Mama yangu alinichomea glavu, kisha akaishona kwa mkoba wake, akaja na blanketi kuona kama itadaka.