Nilimtaja baba mkwe kwa jina lake mlimani, na sijutii hata kidogo

Wakuu habari za wikiendi. Wakubwa zangu humu ndani, shikamooni.

Hiki kisa kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Sina sababu ya kuwadanganya, maana hata nikiwadanganya hamtanipa kitu. Nimekaa nacho moyoni, nikaona leo nikitue hapa.

Mimi ni mtumishi wa serikali, nipo huku Mtumba, kwenye mji wa serikali. Baba na mama ni Wagogo, ila nimekulia mjini, kwa hiyo Kigogo changu ni cha kusalimia na kuombea maji. Mke wangu ndiye Mgogo kamili. Kwao ni upande wa Kongwa, kijiji kipo chini kabisa ya milima inayoelekea Mpwapwa.

Sasa wasiojua mila za kule niwaambie jambo moja, la sivyo huu uzi hamtauelewa.

Ukweni kwangu, mkwe hatamkwi jina. Yaani halitoki mdomoni mwako. Baba wa mke wako unamwita Baba, basi. Nina miaka mingi kwenye ndoa na hilo jina nililijua kwa sababu tu liko kwenye jina la mke wangu. Ukienda ofisi yoyote wakakuuliza jina kamili la mkeo, unaandika, hutamki.

Na si jina tu. Mkwe huli naye sahani moja. Humkodolei macho. Akienda kujisitiri, wewe unageukia upande mwingine kama vile hujaona mtu ameondoka.

Shikeni hilo la kugeuka, maana ndilo nusura lituulie mtu.

Mwaka huu kiangazi, shemeji yangu, kaka mkubwa wa wife, akapata leseni ya kuwinda pongo. Kwa msiomjua, pongo ni jamii ya swala, wa kahawia, ana madoa meupe mgongoni, anapenda kujificha kwenye makorongo ya milimani. Kabla hamjaanza kunishambulia kwenye comments: kibali kilikuwepo, bunduki ina leseni, eneo limeruhusiwa, na askari wa wanyamapori tulikuwa naye mwanzo mpaka mwisho. Tuendelee.

Shemeji hakuwa na shida ya nyama. Alitaka kumpeleka baba yake.

Mzee aliwinda kwenye ile milima tangu ujana wake, na kaka zake, enzi hizo za mishale. Sasa umri umekwenda, magoti yanamsumbua, na alishawahi kumwambia mwanaye kwamba angependa kupanda tena kule juu kabla miguu haijagoma moja kwa moja. Shemeji akanipigia: "Shemeji, njoo na wewe. Wewe na mzee mmezidi kuogopana."

Kweli tulikuwa tunaogopana. Mimi na mzee tukikaa pamoja, mazungumzo yetu ni mvua na bei ya uwele. Tukimaliza hapo tunaangalia kuku.

Nikaenda.

Asubuhi tumefika, nikampa shikamoo yangu, akaitika marahaba, akaniangalia viatu. "Hivyo viatu ni vya harusi?" Ni raba, wakuu, nilinunua maalum kwa safari.

Askari akagawa vile vizibao vya kung'aa, kila mtu avae. Mzee akakishika chake kwa vidole viwili, akasema yeye si bodaboda. Akakikunja akakiweka kwenye gari. Shemeji akambembeleza, wapi. Akabaki na koti lake la kaki, la zamani, limepauka mpaka limekuwa rangi ya udongo.

Mpango ulikuwa rahisi. Shemeji na askari wanapanda mapema, wanakaa juu upande wa pili wa korongo. Sisi wengine, yaani mimi, mzee na majirani wawili, tunapanda taratibu kutoka chini tukipiga madebe na kupiga kelele, ili mnyama aliyelala vichakani atoke aelekee juu. Kuna jabali moja kubwa katikati ya njia. Tukifika pale tunasimama. Kuanzia jabali kwenda mbele ni eneo la bunduki, mtu haruhusiwi kukanyaga.

Mzee aliambiwa abaki kwenye gari. Akasema amekuja mlimani, hajaja kulinda gari. Basi akaja, na mimi ndiye nikaambiwa nitembee naye.

Tukapanda. Upepo unavuma wa kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno. Mzee alikuwa anatembea mbele yangu anainama kila mahali, anaangalia chini, anaokota kinyesi cha mnyama anakivunja kwa vidole. Nilimwona kafurahi. Mtu ambaye nyumbani hacheki, huku alikuwa anaimba chini chini.

Katikati ya njia akasimama, akapinda kuelekea kwenye vichaka.

Mimi nikajua anaenda kuchimba dawa, yaani haja ndogo. Nikageuka. Nikaangalia bonde, nikaangalia mawingu, nikahesabu mabati ya nyumba za kule chini. Heshima zote.

Mzee harudi.

Hapo mtu wa kawaida angegeuka aangalie, au aite. Mimi nimuite mkwe akiwa amejisitiri? Nimuulize kama amemaliza? Labda nyie mnaweza. Mimi nilijiambia atakuwa amechoka, amerudi kwenye gari kimya kimya asionekane ameshindwa. Nilijiridhisha kabisa. Nikachukua debe langu nikaendelea kupanda.

Tukafika kwenye jabali. Majirani wapo kulia kwangu, wanapiga madebe na kupayuka kwa kwenda mbele. Mimi nikapanda juu ya jabali ili nione vizuri.

Nikamwona shemeji ng'ambo ya korongo, amepiga goti. Bunduki ameinyanyua. Askari yuko nyuma yake, kaelekeza darubini upande wa chini.

Nikafuata bunduki inakoelekea.

Kuna kichaka kilikuwa kinatikisika. Nyuma ya majani kuna kitu cha rangi ya udongo, kimeinama, kinasogea kidogo kinasimama, kinasogea kinasimama. Nikasema moyoni, pongo huyo. Nilifurahi, sitawaficha.

Halafu nikaona kiwiko cha koti.

Wakuu, huyo hakuwa pongo. Mzee alikuwa ameona nyayo kule vichakani, akazifuata. Damu ya uwindaji ilimpanda akasahau jabali, akasahau bunduki, akatuzunguka wote akaingia katikati kabisa ya eneo la kupigia. Ameinama anasoma nyayo, na mwanaye anamlenga.

Nikapiga kelele. "Acha! Usipige! Simama!"

Lakini nani angenisikia? Kazi yetu asubuhi yote ilikuwa ni kupiga kelele. Majirani wanapayuka, madebe yanalia, upepo unanirudishia sauti usoni. Shemeji hata hakunyanyua kichwa. Kwake nilikuwa nafanya kazi niliyotumwa.

Nikatupa debe. Nikaita "Baba! Baba!" Huyo aliyeinama hakushtuka. Kule kijijini kila mwanamume mzima ni baba.

Shemeji akalaza shavu kwenye bunduki.

Ndipo nikaliita lile jina.

Sitaliandika hapa. Lakini siku ile nililiita lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikaliita tena. Na tena.

Madebe yakakata. Majirani walinyamaza ghafla, wananiangalia kama nimevua nguo.

Shemeji akainua kichwa.

Na kule kichakani, mzee akasimama wima, akageuka huku na huku, akaitika: "Naam!"

Yaani kaitika kabisa, kwa sauti kubwa, kama mwanafunzi anayeitwa majina asubuhi. Amesimama mbele ya bunduki ya mwanaye, mzima.

Nilikaa chini pale pale juu ya jabali. Nililia wakuu, na mtu asije hapa kuniambia mwanamume halii.

Shemeji alikuwa na hali mbaya zaidi yangu. Askari alimtoa bunduki mikononi, akatoa risasi, akasema kwa leo tumemaliza. Hakuna aliyebisha. Shemeji aliteremka lile korongo anajikwaa, akamfikia baba yake, akamshika mabega, akawa anampapasa kifua kama anatafuta tundu. Mzee anamwuliza, "Una nini wewe? Una nini?"

Baadaye shemeji aliniambia: "Nilikuwa nasikia makelele tu. Halafu nikasikia jina la baba. Nikajiuliza, ni mwehu gani huyo anamtaja baba? Ndiyo nikaangalia."

Basi tukashuka. Pongo hatukumwona hata mkia.

Sasa hofu ya kwanza ikaondoka, ikaja ya pili. Mzee hakuniambia neno njia nzima. Anatembea mbele, mimi nyuma. Na majirani wale mnawajua watu wa kijijini, kabla hatujafika nyumbani habari ilishafika kwamba mkwe wa mjini kamtaja mzee kwa jina mlima mzima umesikia. Mama mkwe alinitazama kwa mbali akaingia ndani.

Nikaenda nikapiga goti mbele ya mzee, uani, nikasema, "Baba, nimekosa. Naomba unisamehe. Sikuwa na njia nyingine."

Akavua kofia akaishika mapajani.

"Unajua kwa nini niliitika?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Nilidhani ni kaka yangu." Akaipangusa kofia vumbi. "Sisi tulizaliwa wanaume wanne. Hii milima tulikuwa tunaitana hivyo hivyo, huyu upande huu, huyu upande ule. Wote wamekwisha. Mama watoto ananiita baba fulani. Watoto wananiita baba. Wajukuu, babu. Huko kwenye mikutano, mzee. Jina alilonipa baba yangu hakuna mtu aliyebaki wa kuliita. Leo nimelisikia mlimani, nikasema, kumbe wapo."

Shemeji, aliyekuwa amekaa pembeni, akainuka akatoka nje ya ua.

Mzee akaniambia, "Mbuzi utaleta. Mila ni mila, siwezi kukusamehe bure, watanicheka." Halafu akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Siku ukimleta, kabla hujaingia uani, uniite tena. Pale njiani. Mara moja tu."

Mbuzi nimeshampeleka. Na nilimwita. Majirani waseme wanavyotaka.

Nilichojifunza ni kwamba heshima ni kitu kizuri na nitaendelea nayo, lakini heshima ya kumwacha mtu apotee nyuma yako kwa sababu unaona aibu kugeuka, hapana. Siku hizi nageuka. Na kizibao cha kung'aa kwenye mawindo avae kila mtu, hata awe babu wa nani.

Nyie wenzangu mliooa au kuolewa kwenye mila kama hizi, kwenu mnafanyaje ikitokea dharura? Na mzee wako huko nyumbani, yupo bado mtu anayemwita kwa jina lake? Karibuni tujadili. Wa kuniambia mila za kizamani tuzitupe, karibuni pia, ila kwa staha.

Mimi jana nilimpigia mkwe simu, sina hata la kumwambia. Akaitika. Nikamsikiliza anauliza "nani, nani", nina furaha tele kwamba bado anaitika.