Baba Mkwe Aliyezungumza na Kuta

Mwaka ule mume wangu alikuwa Madibira kwa msimu wa mpunga, nami nikabaki Mbeya na baba yake, mzee wa Kinyakyusa ambaye hakuwa amenitazama usoni tangu niolewe.

Hakunichukia. Kwao mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawazungumzi wala hawagusani, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Mjini wengi wameshaiacha mila hiyo, lakini yeye aliishika kama ilivyo. Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, Iringa. Kwetu unampigia mkweo magoti, unamsalimu, anaitikia, mambo yameisha. Miaka ya mwanzo nilikuwa na hasira kweli. Nilikuwa naweka chakula kwenye kigoda nje ya chumba chake cha uani, nakohoa, naondoka, nikijiona mtumishi wa mzimu.

Kisha macho yake yakaanza kuzima. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitaondoka. Siku moja nikamsikia akiongea na mwanawe kwenye simu, mlango ukiwa wazi, sauti juu kuliko kawaida yake. Alitaka kuuzunguka mji akingali anauona, na kumalizia kwenye chumba alichopanga na marehemu mkewe walipohamia hapa, ng'ambo ya kijito, chini ya mlima Loleza. Akakirudia kile kijito mara mbili. Nikajua naambiwa mimi.

Basi tukaanza kutoka alasiri. Yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma, kanga imefunika kichwa. Hakuwa na ruhusa ya kuzungumza nami, kwa hiyo alizungumza na vitu.

Mtaa wa Uhindini alisimama chini ya jengo kuukuu lenye mlango huko juu ukutani, mlango unaofunguka hewani, hauna ngazi wala baraza. Nilikuwa nimepita pale miaka yote nikienda kununua vitambaa, sijawahi kuinua kichwa.

"Wewe mlango," akauambia, "watu wanafikiri fundi wako alikuwa amelewa. Si hapo walikuwa wanavuta magunia ya mchele wa Kyela kwa kamba? Wamekusahau tu."

Ukuta wa duka la simu aliukumbusha kwamba zamani ndani yake palikuwa na mizani ya dhahabu ya Chunya, na kwamba kazi iliyogombewa pale haikuwa ya kupima bali ya kufagia, maana mfagiaji aliondoka na vumbi lake akaenda kuliosha kwenye karai. Kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ambao sasa ni njia ya mkato ya wenye mizigo ya kuni, aliyauliza majani kama yanakumbuka ng'ombe waliokuwa wakifukuzwa kila ndege ilipotaka kutua. Majani yaliinama kwa upepo. Yeye akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nilianza kuuona mji kwa namna nyingine. Nikiwa sokoni nafunga mboga kwenye gazeti, nilihisi chini ya Mbeya hii ya bodaboda na spika kuna Mbeya nyingine, inapumua polepole, na mlango wake anao mtu mmoja ambaye macho yake yanafungwa. Niliogopa. Nilianza kuharakisha kazi za asubuhi ili tutoke mapema.

Siku moja mbwa wa mitaani alitufuata. Mzee akasimama, akamwinamia.

"We mbwa, mimi nakuhurumia. Nyuma yangu kuna Mhehe. Rudi kwenu kabla hajaona njaa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Watu wa Iringa tumetaniwa kwamba tunakula mbwa tangu tuzaliwe, lakini baba mkwe wa Kinyakyusa hamtanii mkamwana wake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilimpenda mzee yule siku ile.

Kikabaki kile chumba cha ng'ambo. Tuliahirisha kwa mvua, kisha kwa miguu yake, na kila tulipoahirisha fimbo yake ilikuwa inapapasa zaidi. Alasiri tuliyokwenda, ukungu ulishuka kutoka Loleza tukiwa njiani, ule mzito wa Juni unaolowesha kope. Tulipofika kwenye kijito hata mlima haukuwepo. Kulikuwa na kidaraja cha magogo mawili, hakina pa kushika, na maji yanasikika chini yake.

Mzee aliweka fimbo kwenye gogo, ikateleza. Akaweka tena, ikateleza. Akasimama. Nyuma yake mimi nikawa nimekunja ngumi ndani ya kanga, maana nikimgusa nimemvunjia heshima ya maisha yake yote, na nisipomgusa tunarudi nyumbani, na kesho pengine macho hayapo.

Kisha akasema, taratibu, bila kugeuka:

"Kidaraja, mwambie mama huyo anipe mkono."

Nikampa. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mwepesi, na aliushika wangu kwa nguvu. Nilitangulia mimi, kinyumenyume, nimeinamisha uso. Tukavuka.

Ng'ambo alinivuta, sasa yeye ndiye anaongoza, mguu unasoma njia. Akasimama. Akanyoosha fimbo kwenye ukungu.

"Pale. Dirisha la bluu. Alikuwa anaanika kanga zake hapo nje." Akanigeukia, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza. "Unaliona?"

Mbele yetu palikuwa peupe tu. Nikamtazama machoni, nikaona kuwa hayakuwa yakinitazama mimi wala dirisha.

"Naliona, baba," nikasema. "Na kanga zipo."